Sanduku la Kufuli Tatu

Watu wengi wakisikia neno benki hufikiri nyumba ya mawe yenye madirisha ya chuma, iliyoko mjini, ambamo mtu wa shamba haingii ila amevaa viatu vyake vya sikukuu. Fikira hiyo si upuuzi, maana kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Lakini benki, ukiitazama asili yake, ni mambo matatu tu: mahali pa kuweka fedha isipotee, mahali pa kukopa kwa bei inayojulikana, na daftari linalosema kweli. Mambo haya matatu yaweza kupatikana hata chini ya mwembe. Katika habari hii nitaeleza jinsi yanavyopatikana katika vyama vidogo vya kuweka na kukopeshana, ambavyo katika Tanzania wengi huviita vikoba. Tena nitaeleza kwa nini baadhi ya vyama hivyo hudumu miaka mingi, na vingine huvunjika kwa ugomvi kabla ya mwaka kwisha. Kwa maoni yangu siri yake haimo katika wingi wa fedha, imo katika namna ya kuihesabu.

Nawaomba walimu na wazee wa vijiji wasome kwa makini, kwa sababu mara nyingi wao ndio huulizwa shauri. Na mtu akiulizwa neno la fedha asilolijua, akajibu kwa kuona haya kusema sijui, jawabu lake laweza kumgharimu mwenzake shamba.

Yafaa tukumbuke kwanza ya kuwa watu wa nchi hizi hawakukosa akili ya kuweka akiba. Ng'ombe ni akiba, mahindi ghalani ni akiba, na bati za nyumba isiyojengwa bado ni akiba. Kilichokosekana ni mlango. Benki ya Akiba ya Posta ilianzishwa katika Kenya mwaka 1910, na katika Tanganyika mwaka 1925. Mwekaji alipewa kitabu, na kila alipoweka shilingi zake ziliandikwa humo na kupigwa mhuri. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ilikuwa benki ya kuweka tu, si ya kukopa. Na kwa upande wa kukopa, sheria ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilisema ya kuwa mfanya biashara asiye Mwafrika hawezi kumdai Mwafrika deni mahakamani, isipokuwa pana hati iliyoandikwa na kukubaliwa na afisa wa Serikali. Walioitunga walisema wanataka kumlinda mwenyeji asinaswe na madeni ya maduka. Huenda wako waliolindwa. Lakini mwenye duka asiyeweza kudai kwa sheria hana sababu ya kukopesha, na kwa hiyo mkulima mwaminifu alifungiwa mlango pamoja na mdanganyifu.

Katika mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunganisha vyama vyao, wakapata chama kikuu kiitwacho KNCU, makao yake Moshi. Kilikuwa chama cha kuuza kahawa, si cha kukopeshana fedha, lakini kiliwazoesha watu neno moja kubwa: ya kuwa mali ya wengi yaweza kukaa mahali pamoja, na kila mmoja akajua fungu lake.

Basi watu walifanyaje walipohitaji fedha nyingi kwa mara moja? Walicheza upatu. Kila msomaji aujua, lakini nataka tuutazame kwa jicho la hesabu. Tuseme watu 12 wamepatana kutoa shilingi 10,000 kila mwezi. Kila mwezi hupatikana shilingi 120,000, naye mwenye zamu huzichukua zote. Baada ya miezi 12 kila mtu ametoa 120,000 na kila mtu amepokea 120,000. Mtu aweza kusema, basi hapana faida wala hasara. Sivyo. Yule wa kwanza alikopeshwa na wenzake 11 bila riba, akalipa kidogo kidogo. Yule wa mwisho aliwakopesha wenzake mwaka mzima, asipate hata senti moja ya shukrani. Tena wa kwanza akihama kijiji baada ya kupokea, hasara huangukia wa nyuma. Upatu ni mzuri kwa watu wanaojuana sana, lakini una kasoro mbili: fedha huja kwa zamu, wala si kwa haja, maana mtoto hangoji zamu ya mama yake ndipo augue, tena maskini na mwenye nacho hulazimika kutoa sawasawa.

Njia ya sanduku ilitengenezwa ili kuondoa kasoro hizo. Ilianza mwaka 1991 katika upande wa Maradi, nchi ya Niger, ambako shirika la CARE liliwafundisha wanawake wa vijijini waliokuwa na desturi yao ya upatu. Wanawake wale hawakuletewa fedha ya kukopeshana. Walifundishwa kuanza na yao wenyewe. Kutoka huko njia hiyo ilienea katika nchi nyingi za Afrika, ikafika na Afrika ya Mashariki, pamoja na Unguja. Majina ni mengi, na kanuni hutofautiana kidogo mahali na mahali, lakini mwili wake ni mmoja.

Watu 15 hata 25 hivi, wanaojuana na kuchaguana wenyewe, hukutana kila juma siku moja na saa moja. Huwachagua watu 5 wa kuongoza: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku, na wahesabu fedha wawili. Halafu huwachagua wengine 3, wasio katika wale 5, kuwa washika funguo. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na kila mshika ufunguo ana ufunguo wa kufuli moja tu. Hata mtunza sanduku anayelilaza nyumbani kwake hana ufunguo. Wageni wakiona hivi husema, watu hawa hawaaminiani. Kinyume chake ndiyo kweli. Kufuli tatu humwondolea mtunza sanduku masingizio; hata fedha ikipungua, hapana awezaye kumnyoshea kidole peke yake, naye hulala usingizi. Ni vema pia washika funguo wasiwe wa nyumba moja. Mume, mke na mkwe wakishika funguo zote tatu, ni sawa na kufuli moja.

Fedha huwekwa kwa njia ya hisa. Chama hupatana bei ya hisa, tuseme shilingi 2,000, na kila mtu aweza kununua hisa 1 hata 5 katika mkutano mmoja. Mwenye kuuza ng'ombe juma hili atanunua 5, na mwenye kuuguza atanunua 1. Kwa kila hisa hupigwa mhuri mmoja katika kijitabu chake. Haiandikwi tarakimu, hupigwa mhuri, na maana yake ni kubwa: tarakimu 1 yaweza kugeuzwa kuwa 7 kwa kalamu, lakini mhuri mmoja haugeuki kuwa saba. Na mtu asiyejua kusoma aweza kuhesabu mihuri yake kwa kidole. Vijitabu vyote hurudishwa sandukuni na kufungiwa humo, havipelekwi nyumbani, ili pasiwe na mtu wa kuongeza mihuri usiku.

Pamoja na hisa kuna mfuko wa jamii, ambao kila mtu huutolea kiasi kidogo kilicho sawa kwa wote. Mfuko huo ni wa msiba, ugonjwa na ajali. Fedha yake hukaa mbali na ya hisa, katika mfuko wa nguo wa rangi nyingine, wala hailipiwi riba. Vyama vinavyochanganya fedha hizi mbili hupata taabu, maana siku ya mazishi hakuna ajuaye kama kinachotolewa ni sadaka au ni mkopo.

Sasa nafika katika neno ambalo naliona ni zuri kuliko yote. Kabla sanduku halijafungwa, katibu hutaja kwa sauti fedha iliyobaki ndani, na watu wote huikariri. Juma lijalo, kabla ya kulifungua, mwenyekiti huwauliza: Tuliacha shilingi ngapi? Wakisha kujibu, kufuli hufunguliwa, na wale wahesabu wawili huihesabu fedha mbele ya macho ya wote. Ikiwa ni sawa na yaliyosemwa, kazi huendelea. Ikiwa si sawa, hapana kazi yo yote ifanywayo mpaka ijulikane sababu. Sisi makarani hupenda daftari kubwa lenye mistari na vichwa vingi, tena huona fahari kulifungua mbele ya watu. Lakini daftari kubwa mbele ya wasiosoma ni kama ukuta: aliye nyuma yake aweza kufanya apendavyo. Bikizee asiyejua hata herufi moja, aliyeikariri hesabu ya juma lililopita, ni mkaguzi bora kuliko mtu wa mjini ajaye mara moja kwa mwaka.

Watu wakisha nunua hisa, fedha iliyopatikana hukopeshwa papo hapo. Kanuni ya kawaida ni kwamba mtu asikope zaidi ya mara tatu ya alichoweka, naye alipe kwa muda usiopita miezi mitatu. Mwenye hisa za shilingi 40,000 hataruhusiwa kupita 120,000. Wako wanaolalamika ya kuwa kiasi hiki ni kidogo. Ni kidogo kweli kwa mtu anayetaka kununua trekta. Lakini atorokaye na 120,000 huacha nyuma 40,000 zake, na wenzake hawafilisiki.

Kila mkopo una riba, na hapa ndipo wengi wapotea njia. Chama kikisema riba yetu ni 5 katika 100 kwa mwezi, hapana budi kuuliza: katika 100 ya nini? Ya mkopo wote wa kwanza, au ya deni lililobaki? Tuseme mtu amekopa shilingi 90,000 kwa miezi mitatu, naye hulipa 30,000 kila mwezi pamoja na riba. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa kwanza, atatoa 4,500 kila mwezi, yaani 13,500 kwa jumla. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, atatoa 4,500 mwezi wa kwanza, 3,000 mwezi wa pili, na 1,500 mwezi wa tatu, jumla 9,000. Neno ni lile lile, 5 katika 100, lakini kati ya hesabu hizi mbili pana tofauti ya shilingi 4,500. Mwalimu mwenye darasa la hesabu aweza kulifanya fumbo hili kuwa somo la asubuhi moja, na watoto watalipeleka nyumbani.

Kwa Waislamu riba ni haramu, na si haki kuwalazimisha katika chama chenye riba kwa kuibadilisha jina tu. Viko vyama vinavyokopeshana bila nyongeza yo yote. Na viko vinavyonunua bidhaa, kama mbolea au mabati, kisha kumwuzia mwanachama kwa bei iliyoongezwa, inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa pole pole. Neno hili liamuliwe siku ya kwanza. Likingoja mpaka siku ya kugawana, litaleta fitina.

Baada ya miezi 9 au 12 huja siku ya kuvunja. Madeni yote hulipwa, fedha yote humwagwa juu ya mkeka, na mgawo hufanywa. Hesabu yake si ngumu. Tuseme chama cha watu 20 kimeuza hisa 2,000 kwa mwaka, kwa bei ya 2,000 kila moja. Fedha ya hisa ni shilingi 4,000,000. Riba na faini zimeleta 800,000. Jumla ni 4,800,000. Gawanya kwa hisa 2,000, utaona kila hisa sasa ni shilingi 2,400. Mwenye mihuri 150, aliyeweka 300,000, atapokea 360,000. Mwenye mihuri 60, aliyeweka 120,000, atapokea 144,000. Maskini na tajiri wamepata faida kwa kipimo kimoja, kila mtu kwa kadiri ya alichoweka.

Lakini hapa lazima niseme neno ambalo wasifu wa vikoba hawapendi kulisema. Zile 800,000 hazikushuka na mvua. Zilitoka katika mifuko ya wanachama wenyewe waliokopa. Aliyeweka sana asikope amepata faida. Aliyekopa sana akaweka kidogo amemlipa mwenzake. Si dhuluma, maana alitumia fedha ya wenzake, na kama aliitumia kununua mbegu kwa wakati wake huenda amepata zaidi ya alichotoa. Ila chama kinachotoza 20 katika 100 kwa mwezi, ili siku ya kuvunja watu wapige vigelegele, kinawakamua walio dhaifu katika jamaa yake. Wenye busara hutazama siku ya kuvunja, huuliza pia nani wamelipa.

Tuache sanduku kidogo tutazame simu, maana kwa sasa watu wengi hukutana na mambo ya fedha katika simu kwanza. Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianza M-Pesa katika Kenya, na mwaka 2008 ikaanza katika Tanzania kwa njia ya Vodacom. Mtu aliweza kutuma fedha kwa mama yake kijijini, naye akaichukua kwa wakala mwenye duka la sabuni na chumvi. Matokeo yake ni makubwa. Katika Kenya, mwaka 2006, watu wazima waliotumia benki au chombo kingine cha fedha kinachotambuliwa na sheria walikuwa yapata 27 katika kila 100. Mwaka 2021 walikuwa yapata 84. Mlango uliofungwa zamani umefunguka, wala sioni sababu ya kuwadharau walioufungua.

Walakini kuingia mlangoni si kujua yaliyomo chumbani. Novemba 2012 ilianza katika Kenya mikopo ya M-Shwari, ambayo mtu huomba kwa kubonyeza simu tu. Ada yake wakati ule ilikuwa 7.5 katika 100 kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 2,000 za Kenya alirudisha 2,150. Shilingi 150 hazionekani kuwa nyingi, na kwa mtu mwenye haja ya mara moja si nyingi. Lakini akikopa hivyo kila mwezi, mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 1,800 kwa ajili ya kushika 2,000. Bei ya fedha haijulikani kwa kutazama kiasi chake peke yake. Hapana budi kutazama na siku zake. Kipimo hicho hicho tukitumie kwa vikoba pia. Kikoba kinachotoza 10 katika 100 kwa mwezi ni ghali kuliko mkopo ule wa simu. Tofauti ni kwamba riba ya kikoba hurudi mkekani siku ya kuvunja, na ile ya simu hairudi.

Kisha wako wakopeshaji wengine, ambao mikopo yao watu wa Tanzania wameiita kausha damu. Jina hilo lilitungwa na waliokopa. Tuseme mama muuza mboga ameandikiwa mkopo wa shilingi 100,000. Siku ya kupokea hukatwa 10,000, wasema ni ya fomu, basi ashika 90,000. Kuanzia kesho yake atatoa 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Ametoa 40,000 juu ya 90,000, yaani zaidi ya 44 katika 100, kwa muda usiotimia mwezi. Wala hakuishika fedha yote kwa siku zote 26. Ilipofika siku ya 13 alikuwa amekwisha rudisha 65,000. Akikosa siku mbili, huja watu kuchukua vyombo vya ndani, godoro na televisheni, mbele ya majirani.

Walimu nao wameonja. Wakopeshaji wengine humnyang'anya mwalimu kadi yake ya benki pamoja na nambari yake ya siri, na mshahara ukiingia huutoa wao kwanza, humwachia makombo. Mtu aliyetoa kadi na nambari ya siri hana tena mshahara, ana posho kutoka kwa mkopeshaji wake. Katika Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila mwenye kazi ya kukopesha awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila idhini. Kenya nayo ilitunga kanuni kwa wakopeshaji wa simu mwaka 2022. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mkopeshaji ni: Leseni yako iko wapi? La pili: Nitapokea mkononi shilingi ngapi? La tatu: Mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla? Asiyetaka kujibu la tatu amekwisha jibu.

Sasa turudi kwenye vikoba, tutazame yanayoviua. Wizi wa usiku upo, hasa karibu na siku ya kuvunja ambapo fedha ni nyingi na kijiji kizima chajua. Dawa yake ni kukopesha fedha isilale sandukuni, au kupeleka iliyozidi benki. Fedha iliyomo benki ina ulinzi ambao sanduku halina: katika Tanzania kuna Bodi ya Bima ya Amana, na katika Kenya, tangu mwaka 2020, mwekaji hulipwa hata shilingi 500,000 benki yake ikianguka. Njia nyingine ni sanduku la simu. Ile Benki ya Akiba ya Posta niliyoitaja, iliyoanza mwaka 1925, baada ya kubadilika mara kadha wa kadha ikawa TPB, na tangu mwaka 2021 yaitwa Tanzania Commercial Bank. Mwaka 2019, pamoja na Vodacom, ilianzisha M-Koba, ambamo fedha ya chama hukaa katika simu, na kuitoa kwahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Ni kufuli zile zile kwa sura nyingine. Ila nashauri chama kinachotumia simu kisiache ile desturi ya kutaja salio kwa sauti na kulikariri, maana bikizee yule asiyesoma hawezi kuona ndani ya simu ya katibu.

Kiuacho vyama zaidi kuliko wezi ni fedha ya wageni. Mwanasiasa huja na bahasha, huitia sandukuni, watu hupiga makofi. Tangu siku ile fedha ya sandukuni huwa ya namna mbili: yetu, tuliyoitolea jasho, na yake, ambayo ni halali kutoilipa. Na kwa kuwa fedha haina alama, punde yote huwa yake. Mikopo ya halmashauri za Tanzania, itokayo katika asilimia 10 ya mapato yao kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni neno jingine. Hiyo ni deni kwa sheria. Chama kikiipata, kiiandike mbali, kiihesabu mbali, kiilipe mbali.

Wakubwa wa kijiji waweza kusaidia sana kwa kutofanya mambo fulani. Mzee wa kijiji asishike ufunguo, maana siku ya ugomvi ndiye atakayeamua. Naye akiwa ni mmoja wa wagomvi, watu wapeleke mashitaka wapi? Mwalimu asiwe katibu miaka yote. Afundishe vijana wawili au watatu kazi ya mihuri na hesabu, kisha akae katika safu ya wanunuzi wa hisa kama watu wengine. Ni vigumu kwa aliyesoma kukaa kimya wengine wakihesabu taratibu kwa vidole, lakini akiwakatiza ili kuharakisha, juma lijalo hawatahesabu tena, watamtazama yeye.

Limebaki neno la kifo, ambalo vyama vingi huona haya kulizungumza. Mwanachama akifa kati ya mwaka, hisa zake si za chama, wala si za ndugu wa kwanza kufika na sauti kubwa. Kama ana deni, hukatwa kwanza katika hisa zake. Kinachobaki ni cha warithi wake. Wajane wengi wamekosa haki yao hapa, kwa sababu kijitabu kilikuwa na jina la marehemu peke yake, na shemeji akaja siku ya tatu ya msiba kudai kilicho cha kaka yake. Basi katika ukurasa wa kwanza wa kila kijitabu, chini ya jina la mwenyewe, liandikwe jina la mtu ambaye mwenyewe amemtaja apokee fedha hiyo. Litajwe kwa sauti katika mkutano, kama linavyotajwa salio, na katika mkutano wa kwanza wa kila mwaka mpya mwenyekiti amwulize kila mtu kama jina lile bado ni lile lile.